Habari za Camille Pissarro, Mchora Picha wa Shamba na Nyumba

Watu wengi hudhani ya kuwa mchora picha hana budi kutafuta mambo makubwa: vita, wafalme, au majumba ya fahari. Habari tunazotaka kuwaeleza wasomaji wetu ni za mtu aliyechagua kinyume cha hayo. Alimchora mwanamke afuaye nguo, msichana afagiaye nyumba, watu wachumao matofaa, shamba la kabichi wakati wa asubuhi, na watoto wake mwenyewe wakiwa wameketi nyumbani. Kwa muda wa miaka mingi watu walimcheka, wala hakuiacha kazi hiyo mpaka kufa. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa, na hakuilipa peke yake. Yatupasa kuyaeleza mambo yote mawili, kazi na gharama, maana mtu akisifiwa nusu hajulikani.

Jina lake ni Camille Pissarro. Alizaliwa tarehe 10 Julai, 1830, katika mji wa Charlotte Amalie, kisiwani St. Thomas, katika bahari ya Karibi. Wakati ule kisiwa kilikuwa mali ya Denmark. Mwaka 1917 kiliuzwa kwa Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na ukoo wa baba ulitoka Ureno zamani, ukapitia Ufaransa. Baba alikuwa mfanya biashara mwenye duka karibu na bandari. Ndoa ya wazazi ilileta ugomvi, kwa sababu mama alikuwa mjane wa mjomba wa baba, na wakuu wa sinagogi walikataa kwa miaka kadhaa kuitambua.

Camille alianza kusoma katika shule ya misioni ya Wamoravian, pamoja na watoto weusi wa kisiwa kile. Wamoravian walikuwa wamefika St. Thomas tangu mwaka 1732 kuwahubiri watumwa. Nao ndio wale wale ambao wamisionari wao walifika Rungwe, katika nchi ya Tanganyika, mwaka 1891. Basi mtoto huyu alikua kati ya watu wa kazi, akawaona wanawake wakibeba mizigo kichwani na kuteka maji. Utumwa ulikomeshwa katika visiwa vile mwaka 1848, naye alikuwa kijana wa karibu miaka 18. Picha zake za kwanza tulizo nazo ni za watu hao na njia zao. Kabla hajamchora mkulima wa Ufaransa, alikuwa amekwisha kujifunza kumtazama mtu wa kazi kama mtu kamili.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, baba yake alimpeleka katika shule ya bweni huko Passy, karibu na Paris. Mwalimu wake akaona ya kuwa kijana ana kipaji cha kuchora, akamtia moyo. Mwaka 1847 alirudi nyumbani, akawekwa katika biashara ya baba yake. Kazi yake ilikuwa kuandika hesabu ya mizigo iliyoteremshwa bandarini. Aliifanya kwa miaka kama mitano, walakini moyo wake haukuwako. Kila alipopata nafasi, mkono wake ulichora merikebu, wachukuzi na miti.

Ndipo akafika kisiwani mchoraji wa Denmark, jina lake Fritz Melbye, wakafanya urafiki. Mwaka 1852 Camille aliiacha kazi ya duka akafuatana naye mpaka Venezuela, wakakaa huko kama miaka miwili wakichora katika Caracas na katika bandari ya La Guaira. Baba akaona ya kuwa kijana hatageuka. Mwaka 1855 Camille akavuka bahari kwenda Paris, wala hakukiona tena kisiwa alichozaliwa. Hata hivyo alibaki raia wa Denmark maisha yake yote.

Katika Paris alimwendea mzee Corot, mchoraji mashuhuri wa mashamba na miti, akapata mashauri kwake. Corot alimfundisha kutoka nje na kutazama nchi yenyewe. Zamani wachoraji walitoka nje kuandika mistari michache tu, kisha picha yenyewe wakaitengeneza chumbani. Lakini tangu mwaka 1841 rangi zilikuwa zimeanza kutiwa katika vibomba vidogo vya bati, hata mtu aliweza kuzichukua mfukoni na kuimaliza picha yake shambani. Pissarro akawa mtu wa kutoka nje siku zote, jua au baridi. Katika kutazama kwake aliona ya kuwa kivuli juu ya majani si cheusi kama vile walimu walivyofundisha, bali kina rangi ya samawati, au ya zambarau, au ya kijani kilichokolea. Akaanza kuiacha rangi nyeusi. Tena aliweka rangi kwa mipigo mifupi mifupi ya burashi, iliyokaa pamoja kama nyuzi katika nguo.

Wakati ule palikuwa na maonyesho makubwa ya picha katika Paris, yaliyoitwa Salon. Mchoraji ambaye picha zake hazikupokelewa hapo, wanunuzi hawakumjua. Mwaka 1859 picha moja ya Pissarro ilipokelewa, na nyingine miaka iliyofuata. Walakini fedha hazikupatikana.

Katika miaka hiyo alimpenda Julie Vellay, mtumishi wa nyumba ya mama yake, binti wa watu waliolima mizabibu katika Burgundy. Wazazi wa Camille walikataa kabisa, kwa sababu msichana alikuwa mtumishi, tena hakuwa Myahudi. Wawili hao walikaa pamoja pasipo ndoa muda wa miaka kumi hivi. Mtoto wao wa kwanza, Lucien, alizaliwa mwaka 1863. Hatulifichi jambo hili. Lakini twaona pia ya kuwa Camille hakumwacha Julie kwa ajili ya ghadhabu ya wazazi, wala hakumwonea haya kwa ajili ya kazi yake ya utumishi. Mwaka 1871, walipokuwa ugenini Uingereza, walifunga ndoa mjini Croydon. Walipata watoto wanane.

Ugeni huo uliletwa na vita. Mwaka 1870 majeshi ya Prusia yaliingia Ufaransa. Pissarro alikuwa akikaa Louveciennes, karibu na Paris. Akakimbia na jamaa yake mpaka London, akiziacha nyumbani picha zake karibu zote. Askari wakaingia katika nyumba ile wakaifanya kituo chao. Bustani ilipojaa matope, walizitandaza picha chini wapate kukanyaga juu yake. Husemwa ya kuwa picha zilizoachwa zilikuwa kama 1,500, na zilizosalia kama 40 tu. Kazi ya miaka kumi na mitano ilikwisha chini ya viatu. Pissarro alirudi mwaka 1871, akayatazama yaliyosalia, akachukua burashi akaanza tena.

Mwaka 1872 aliihamisha jamaa yake Pontoise, mji mdogo penye mto Oise. Hapo alikaa miaka kumi, na hapo alifanya nyingi katika picha zake bora: njia za vilimani, bustani za mboga, siku za soko, paa nyekundu zionekanazo kati ya miti isiyo na majani. Wachoraji wenzake walimfuata huko. Mmoja wao alikuwa Paul Cézanne, mtu mkali asiyependana na watu wengi, ambaye baadaye alikuwa mkuu kuliko wengi wa wakati wake. Kwa Pissarro alikuwa kama mwana kwa baba. Walichora bega kwa bega, na Cézanne mwenyewe katika uzee wake alikiri deni hilo. Paul Gauguin naye alijifunza kwake. Pissarro alikuwa mwalimu asiyejivuna. Hakutaka mwanafunzi amwige. Alitaka atazame kwa macho yake mwenyewe.

Basi Pissarro, Claude Monet, Renoir, Degas, Berthe Morisot na wengine walichoka kungoja mlangoni pa Salon. Wakafanya shauri la kuunda chama chao wenyewe. Pissarro ndiye aliyetafuta mfano wa kanuni, naye aliupata katika kanuni za chama cha waoka mikate wa Pontoise. Mwezi wa nne mwaka 1874 walifungua maonyesho yao ya kwanza katika Paris, wachoraji kama 30 pamoja. Pissarro alileta picha tano. Moja iliitwa Sakitu, nayo yaonyesha shamba lililolimwa asubuhi ya baridi, na mtu mmoja apitaye na mzigo wa kuni mgongoni. Mwandishi mmoja wa gazeti aliidhihaki kama kwamba ni makwangulio ya rangi yaliyotupwa juu ya kitambaa kichafu. Mwandishi huyo huyo alilichukua jina la picha moja ya Monet, akaligeuza kuwa jina la mzaha kwa wote: Waimpresionisti, yaani watu wa kuchora jinsi kitu kinavyoonekana kwa mara moja. Jina la mzaha likawa ndilo jina lao mpaka leo. Mwisho wa mwaka chama kilivunjwa, na kila mwanachama alidaiwa franka 184 na nusu.

Deni hilo halikuwa ndilo zito kupita yote kwa Pissarro mwaka ule. Majira yale yale binti yake Jeanne, waliyemwita Minette kwa upendo, aliugua akafa, naye alikuwa hajatimiza miaka tisa. Baba yake alikuwa amemchora mara nyingi: amesimama na maua mkononi, ameketi na kipepeo cha kujipepea, tena katika ugonjwa wake. Picha hizo zingaliko. Mtu azitazamaye, hata asipoambiwa habari, huona ya kuwa aliyechora hakuwa na haraka ya kumwacha mtoto huyu aondoke mbele yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa kweli kweli. Picha ziliuzwa kwa bei ndogo sana, au hazikuuzwa kabisa. Husimuliwa ya kuwa rafiki mmoja mwenye duka la keki alifanya bahati nasibu ili amsaidie, na zawadi zilikuwa picha za Pissarro. Msichana mmoja mtumishi alishinda. Naye alipoiona picha aliuliza kama aweza kupewa keki badala yake. Wengi huicheka hadithi hii. Julie nyumbani hakuwa na nafasi ya kucheka. Yeye ndiye aliyelima mboga, akafuga kuku na sungura, akashona nguo na kuzigeuza, akawakabili wenye maduka waliodai fedha zao. Mume alikwenda Paris na picha chini ya kwapa, akipita mlango kwa mlango, akarudi na picha zile zile. Julie aliwataka wanawe wajifunze kazi ya kuwapa chakula. Baba aliwatia moyo wachore. Juu ya jambo hili walishindana miaka mingi.

Hapa msomaji atauliza: Je, ilimpasa? Mtu mwenye watoto nyumbani angaliweza kurudi katika biashara, au kuchora picha za namna ile waliyoipenda matajiri. Nasi hatutaki kulijibu swali hili kwa wepesi. Mwenye kuitwa kwa kazi asidhani ya kuwa wito wake wamwondolea deni lake kwa walio nyumbani. Lakini yatupasa kusema pia ya kuwa Pissarro hakuwa mvivu wala mlevi, wala hakuipoteza fedha aliyoipata. Alifanya kazi kila siku ya maisha yake. Na sifa anayopewa leo ingekuwa ya uongo kama tusingalimpa Julie fungu lake. Kila picha ya shamba iliyotundikwa leo ukutani katika nyumba kubwa za makumbusho ina nyuma yake mwanamke mmoja aliyelima viazi ili mchoraji ale.

Tena tuangalie jinsi alivyowachora watu wa kazi. Wachoraji waliomtangulia waliwachora wakulima kama kichekesho, au kama watakatifu wenye kusikitikiwa. Wakulima wa Pissarro wanafanya kazi wapate riziki, wala hawaombi huruma. Wanapumzika wakichoka, wanaongea sokoni, wanabishana juu ya bei ya kuku. Mwaka 1882 alichora msichana mtumishi akifagia chumba cha chakula, na mwanawe mdogo Ludovic-Rodo ameketi mezani. Chumba ni cha kawaida, ufagio ni wa kawaida, lakini msichana yule amepewa nafasi ya katikati, ambayo wengine waliwapa malkia.

Mwaka 1884 walihamia kijiji cha Éragny, karibu na mto Epte. Mwaka uliofuata alikutana na vijana wawili, Seurat na Signac, waliochora kwa njia mpya ya nukta ndogo ndogo za rangi safi, wakifuata elimu ya nuru. Pissarro alikuwa na miaka 55. Wenzake wa zamani walicheka, lakini yeye alikaa chini ya vijana akajifunza. Alipigania wapewe nafasi katika maonyesho ya nane na ya mwisho, mwaka 1886. Katika maonyesho yale yote manane, yeye peke yake ndiye aliyeshiriki kila mara. Njia ya nukta ilimharibia biashara tena, maana wanunuzi hawakuipenda. Baada ya miaka kama minne aliiacha, si kwa ajili ya fedha tu, bali kwa sababu ilikuwa ya polepole mno, na nuru ya shamba haikumngoja. Aliyajaribu mambo kwa moyo wote, na alipoona hayamfai alisema wazi.

Mwaka 1892 mambo yakaanza kugeuka. Durand-Ruel, mfanya biashara wa picha aliyekutana naye London siku za vita, alimfanyia maonyesho makubwa katika Paris, na picha zikauzwa. Mwaka huo huo mwenye nyumba ya Éragny akataka kuiuza. Camille alikuwa London kwa mwanawe Lucien. Julie hakumngoja, alimwendea Monet, aliyekaa Giverny, akaomba mkopo, akapewa franka 15,000. Mume aliposikia aliona haya, lakini nyumba ikawa yao, na deni akalilipa. Baada ya kuhama hama miaka thelathini, Julie akawa na bustani isiyoweza kuchukuliwa na mtu.

Katika uzee macho yalimsumbua. Mfereji wa machozi wa jicho moja uliugua mara kwa mara, na upepo na vumbi vilimdhuru. Mchoraji wa nje akakatazwa nje. Basi akakodi vyumba vya juu katika mahoteli ya Rouen, Paris, Dieppe na Le Havre, akachora alichokiona dirishani: madaraja, bandari, magari ya farasi na watu wengi. Mwaka 1897 aliichora njia kuu ya Montmartre ya Paris mara 14 kutoka dirisha moja, katika mvua, katika jua, na usiku penye taa. Mwaka ule ule mwanawe Félix, naye mchoraji, alikufa London kwa kifua kikuu, umri wake miaka 23.

Huzuni nyingine ilikuja kwa njia ya rafiki. Mwaka 1894 afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa, Alfred Dreyfus, alihukumiwa kwa hatia ya kuwauzia adui siri za nchi, naye hakuwa na hatia. Mahakama ilikiri hivyo mwaka 1906. Ufaransa yote iligawanyika, na wengi wakawachukia Wayahudi. Pissarro alisimama upande wa Dreyfus. Degas, ambaye walifanya kazi pamoja miaka mingi, akamtenga; Renoir naye akamwepuka. Pissarro hakulipiza. Aliendelea kuisifu kazi ya Degas kuwa ni ya mtu mkuu. Kuisema haki ya kazi ya mtu aliyekukataa kwa ajili ya kabila lako ni jambo zito, nasi twajua ni wachache walioliweza. Tena tusimvike vazi lisilo lake: hakuishika dini ya baba zake wala dini nyingine; tumaini lake aliliweka katika siku ambayo watu wa kazi watakuwa huru na sawa. Lakini katika jambo hili alitenda lililo jema, na wengi waliojiita Wakristo hawakulitenda.

Camille Pissarro alikufa Paris tarehe 13 Novemba, 1903, umri wake miaka 73, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Ameacha picha za rangi ya mafuta zaidi ya 1,500, pamoja na barua nyingi alizomwandikia Lucien, ambazo ndani yake mashauri ya kazi na habari za bili zisizolipwa zimekaa pamoja. Wanawe wote watano walikuwa wachoraji. Julie aliishi mpaka mwaka 1926, katika nyumba ile ile ya Éragny aliyoipigania.

Leo picha ya shamba la kabichi ambayo hakuna aliyetaka kuinunua hulindwa na walinzi, na watu hutoka nchi za mbali kuitazama. Kabichi ni zile zile. Waliowapita wakulima wale pasipo kuwatazama walikuwa wengi, na majina yao yamesahauliwa. Mmoja alisimama akatazama, na nyumbani kwake palikuwa na mwanamke aliyevumilia. Tuwapitapo jirani zetu mashambani asubuhi, tusiwapite kama wasioonekana.